Mlima ulipowaka Goma, sisi tulisikia nini? Somo kwa vikundi vya amani vya Ituri



Somo hili limetayarishwa kwa vikundi vya amani vya Bunia na vijiji vya kandokando. Linaweza kufundishwa katika mkutano wa mtaa, katika parokia au msikiti, shuleni, au katika chama cha akina mama. Linahitaji saa mbili hivi. Mwongozaji asome sehemu moja moja kwa sauti, halafu awape watu nafasi ya kusema kabla ya kuendelea.

Shabaha za somo ni tatu:

• Kuona tofauti kati ya msiba kama wanavyouishi walio ndani yake, na msiba kama unavyosimuliwa na walio mbali.
• Kuelewa kwa nini habari hukuzwa, na ni nani anayeumia zikikuzwa.
• Kujifunza namna ya kupima habari kabla ya kuipitisha kwa mwingine.

Tumechukua mfano wa Goma na mlima Nyiragongo. Kwa nini tusianze na Ituri yenyewe? Kwa sababu mambo ya nyumbani yanauma. Tukianza na vita vyetu, kila mmoja atatetea upande wake. Mlima hauna kabila. Tukishajifunza kwa msiba wa jirani, tutarudi nyumbani tukiwa na macho mapya.

1. Goma, Januari 2002

Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Mlima huu una urefu wa mita 3,470 hivi, nao uko chini ya kilometa 20 kaskazini ya mji wa Goma. Kileleni kuna shimo kubwa ambamo mara nyingi hukaa ziwa la mawe yaliyoyeyuka, yaani lava. Siku ile lava haikumwagika kutoka juu kama maziwa yanavyofurika sufuriani. Ilitokea kwenye nyufa zilizofunguka upande wa kusini, na nyufa hizo zilishuka mpaka karibu na Munigi, kilometa chache tu kutoka mjini.

Mto wa moto uliingia mjini. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katikati ya mji penye maduka, ukaunguza kanisa kuu la Wakatoliki, ukafika hadi ziwa Kivu. Sehemu 13 kwa mia ya mji ilifunikwa. Watu wapatao 120,000 walikosa nyumba. Watu kati ya 300,000 na 400,000 walikimbia. Wengi walivuka mpaka na kuingia Gisenyi, upande wa Rwanda, na wengine walielekea Sake na njia ya Bukavu.

Hesabu ya waliokufa haikulingana. Taarifa nyingi za baadaye zinataja watu kati ya 50 hivi na 170. Kila mmoja wao alikuwa mtoto wa mtu. Hata hivyo, kwa mji mkubwa kama ule uliokatwa vipande na moto, tungeweza kuogopa vifo vingi zaidi. Lava ya Nyiragongo huweza kushuka mlimani kwa mbio sana, kama ilivyofanya tarehe 10 Januari 1977, lakini mwaka 2002 ilipofika mjini ilitembea polepole, na mtu aliweza kuondoka mbele yake kwa miguu. Watu waliitana, walibeba watoto na wagonjwa, wakapakia magodoro na vyombo juu ya chukudu, wakaondoka.

Kuna jambo moja ambalo halikusikika sana. Kabla ya siku ile, mtaalamu Mkongomani wa volkano, Dieudonné Wafula, alikuwa ameona dalili za hatari na kuwaandikia wataalamu wenzake wa nchi za nje. Onyo lake halikugeuka kuwa habari ya dunia. Mlima ulipowaka ndipo kamera zilipokuja.

Maswali ya kituo: Je, mmewahi kusikia onyo ambalo hakuna aliyelijali? Ni nani alilitoa? Kwa nini halikusikilizwa?

2. Kwa nini walirudi?

Huko Gisenyi watu wa Goma walilala nje, barabarani na kwenye viwanja, huku ardhi ikiendelea kutetemeka. Mashirika ya misaada yalitayarisha kambi ndani ya Rwanda, mbali kidogo na mpaka. Walitazamia umati mkubwa. Lakini baada ya siku mbili tatu tu, makumi elfu ya watu walianza kurudi Goma. Walipita juu ya lava iliyokuwa imeganda juu, huku chini yake bado kuna moto, na moshi ukitoka kwenye nyufa.

Wengi waliokuwa wakitazama kutoka mbali hawakuelewa. Je, watu hawa hawaogopi kifo? Je, hawajui hatari? Tukikaa na kufikiri, tutaona kwamba watu wa Goma walikuwa na sababu zao, na sababu hizo zilikuwa na akili:

• Sehemu kubwa ya mji haikuungua. Aliyeacha nyumba nzima aliogopa wezi, na aliyeacha duka aliogopa zaidi.
• Wengi walikuwa wamepotezana na jamaa katika mbio. Mahali pa kutafutana palikuwa nyumbani.
• Watu walikumbuka mwaka 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipojaa kandokando ya Goma na kipindupindu kikaua makumi elfu yao kwa majuma machache. Neno «kambi» halikuwa neno la usalama masikioni mwao.
• Wakati ule ulikuwa wakati wa vita. Goma ilitawaliwa na waasi wa RCD, na jeshi la Rwanda lilikuwa ndani ya Kongo. Kwa mkaaji wa Goma, kwenda kuishi kambini ndani ya Rwanda lilikuwa jambo la kufikiri mara mbili.

Pamoja na hayo, tusisahau kwamba wakaaji wengi wa Gisenyi waliwapa majirani zao maji, chakula na mahali pa kulala, ingawa serikali na majeshi yalikuwa katika vita. Kwa mjenzi wa amani hiyo ni habari kubwa. Kwa kamera ilikuwa habari ndogo, kwa sababu mama anayemkaribisha mama mwenzake hatoi moshi.

3. Walio mbali walisikia nini?

Tujiweke mahali pa mtu wa Bunia katika Januari ile. Njia ya kwenda Goma ilikuwa imekatwa na vita. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijaenea. Habari zilikuja kwa fonia za misheni na za wafanyabiashara, na kwa radio za nchi za nje. Aliyekuwa na kaka au dada huko alisogeza sikio kwenye radio usiku na mchana.

Je, alisikia kwamba sehemu 13 kwa mia ya mji imefunikwa? Katika siku za kwanza hapana, kwa maana hakuna aliyekuwa amepima. Alisikia habari za mji ulioangamizwa, za moto wa jehanamu, za watu nusu milioni wasio na mahali. Alisikia pia hofu kwamba ziwa Kivu litalipuka. Hofu hii haikutoka hewani: chini sana katika ziwa kuna gesi nyingi, nayo ikipanda ghafula inaweza kuua watu wengi. Lakini wataalamu walipopima ziwa baadaye waliona kwamba safu za gesi za chini hazikuvurugwa na lava. Habari ya hofu ilisikika kote duniani. Ile ya vipimo ilisomwa na wachache.

Tuchukue mfano mwingine. Tarehe 21 Januari 2002 kituo kimoja cha mafuta katikati ya Goma kililipuka, kikaua makumi ya watu. Walikuwa wakichota mafuta karibu na lava ya moto. Baadhi ya habari za nje ziliwaita waporaji, na hadithi ikaishia hapo. Mtu wa Kongo ya mashariki anajua zaidi. Anajua kwamba bidoni moja ya mafuta ni chakula cha juma zima, na kwamba vijana tunaowaita kadafi huishi kwa kuuza mafuta chupa kwa chupa kando ya barabara. Kuchota kisicho chako ni kosa, hatulifichi. Lakini mtu aliyepoteza kila kitu siku nne kabla hawezi kuelezwa kwa neno moja.

Kisha habari ziliondoka. Baada ya majuma machache Goma haikuwa tena kwenye vichwa vya habari. Watu walibaki, wakapasua mawe ya lava, wakajengea misingi na kuta, wakapiga mbao juu ya mawe yaliyokuwa bado na joto. Leo hii mji una watu zaidi ya milioni moja. Miaka hiyo ya kujenga haikupata radio.

Tuongeze jambo zito zaidi. Mwaka 2001 shirika la International Rescue Committee lilitoa uchunguzi wake juu ya Kongo ya mashariki. Lilikadiria kwamba watu milioni 2.5 walikufa kupita kiasi cha kawaida tangu Agosti 1998 hadi mwanzo wa 2001, wengi wao kwa njaa na magonjwa yaliyoletwa na vita. Mlima ulioua watu mia moja hivi ulipata kamera nyingi kwa juma moja kuliko zile ambazo wafu hawa walipata kwa miezi mingi. Tusiwaonee wivu watu wa Goma. Lakini tujiulize ni nini kinachofanya msiba uonekane, na ni nini kinachouficha.

4. Kwa nini habari hukuzwa?

Ni rahisi kusema kwamba wazungu wanapenda kutudharau. Wakati mwingine ni kweli. Lakini tukiishia hapo hatujajifunza kitu. Tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika.

• Muda ni mfupi. Mwandishi anafika kwa ndege, ana siku mbili, na wakubwa wake wanataka habari kabla ya jioni. Anaongea na wale anaowapata kwanza, na mara nyingi wale wanaojua Kifaransa au Kiingereza.
• Picha huvuta. Kamera huelekezwa mahali penye moto mwekundu zaidi. Mtaa wa pili, ambapo watu wanauza sombe na mkaa kama kawaida, hauonyeshwi. Mtazamaji wa mbali hudhani mji wote ni ule moto.
• Hesabu kubwa hushinda. Siku ya kwanza hakuna anayejua, kwa hiyo inachukuliwa hesabu ya juu. Ikisharudiwa mara kumi inaonekana kama kweli.
• Misaada ina mlango wake. Mashirika, hata yale mema, yanajua kwamba msiba mkubwa huleta fedha. Kuna kishawishi cha kupaka rangi. Sisi wa mashirika tukiri jambo hili wazi.
• Afrika ina hadithi yake tayari. Wengi wa mbali walishaambiwa kwamba huku ni njaa, vita na laana. Habari inayoingia katika hadithi hiyo hupita haraka. Habari ya watu wanaojipanga na kusaidiana hukwama mlangoni.

5. Ni nani anayeumia?

Madhara ya kwanza ni misaada kwenda mahali pasipo watu. Kambi hutayarishwa upande mmoja huku watu wako upande mwingine. Aliyesimuliwa vibaya husaidiwa vibaya.

Madhara ya pili ni hofu kuua pamoja na msiba. Tutaliona hili katika mfano wa 2021.

Madhara ya tatu ni heshima kupotea. Mtu anayeonyeshwa kila siku akilia, mwishowe huonekana kama hajui kufanya kitu kingine. Watoto wetu nao wanaona picha hizo. Jamaa zetu walioko Kampala, Nairobi, Ulaya na Amerika wanaulizwa kazini, «Je, kwenu bado kuna watu?»

Madhara ya nne yanatuhusu sisi zaidi. Habari iliyokuzwa hutafuta mkosaji. Mlima ukiwaka hakuna wa kumchukia. Lakini katika mauaji, neno moja lililokuzwa linaweza kuchoma kijiji.

6. Mwaka 2021: midomo ni yetu

Tusifikiri kwamba wageni peke yao ndio wanaokuza. Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, jioni, Nyiragongo uliwaka tena. Safari hii simu zilikuwa mikononi mwa watu wote. Dakika chache baadaye picha zilikuwa Bunia, Kisangani na Bruxelles. Baadhi zilikuwa za kweli. Nyingine zilikuwa za zamani, au za milima ya nchi nyingine. Waliozituma walikuwa ndugu, majirani na marafiki.

Lava ilisimama Buhene, kwenye ukingo wa mji, karibu na uwanja wa ndege. Vijiji vya upande wa kaskazini viliungua na maelfu ya watu walipoteza nyumba. Kesho yake msemaji wa serikali alitaja vifo 15 vya kwanza. Tuvitazame: 9 walikufa katika ajali ya gari wakikimbia, 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze, na 2 ndio walioungua. UNICEF ilieleza kwamba watoto zaidi ya 150 walipotezana na wazazi wao katika mbio zile. Siku zilizofuata wengine walikufa kwa kuvuta gesi wakivuka juu ya lava. Mwishowe hesabu ilifika watu 32 hivi. Watu wa Goma wanaijua hatari ya gesi kutoka zamani, nao huita mazuku mahali ambapo gesi ya chini ya ardhi hujikusanya na kuua mnyama au mtoto bila sauti. Lakini katika mbio hata anayejua husahau.

Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa sababu wataalamu waliona dalili za lava chini ya mji na chini ya ziwa. Watu karibu 400,000 waliondoka. Mlima haukuwaka tena, na tangu tarehe 7 Juni watu walianza kurudi kwa ruhusa ya serikali. Je, amri ile ilikuwa uvumi? Hapana. Hapa kuna tofauti ambayo kila kikundi kinapaswa kuishika:

Onyo linakuambia hatari iko wapi, ni nani anayesema, na ufanye nini. Uvumi unakuambia uogope tu.

Onyo linaweza kutolewa na msiba usitokee, na bado lilikuwa onyo jema. Uvumi unaweza hata kugusa kweli, na bado ukawa umeleta madhara.

Tena, tarehe 29 Mei 2021 wizara ya habari ilitangaza kwamba mlima mwingine, Murara, umewaka. Siku ileile ilirudi kusema kwamba si kweli. Kukosea ni aibu. Lakini kurudi mbele ya watu na kusema «tulikosea» ni kazi ya amani. Ni wangapi kati yetu waliopitisha habari ya uongo kwa simu, na wakarudi kwa watu walewale kuisahihisha?

Wazee wanasema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii ni kweli kwa namna yake, lakini inaweza kutumiwa vibaya. Si kila linalosemwa lipo. Mara nyingine linakuja kwa sababu sisi tumelisema.

7. Kurudi Ituri

Sasa turudi nyumbani. Tarehe 6 Mei 2003 jeshi la Uganda lilimaliza kuondoka Bunia, na mapigano ya makundi ya Wahema na Walendu yakaushika mji. Mamia ya watu waliuawa. Maelfu walikimbilia kandokando ya ofisi za MONUC na uwanja wa ndege. Hapo waandishi wa dunia walifika Bunia. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilikubali kutuma jeshi la muda, lile la Artemis, lililoongozwa na Ufaransa na kukaa mpaka Septemba.

Tuseme kweli: bila habari zile, huenda askari wale wasingekuja. Kamera ziliokoa watu, na mwenye kusahau hilo hana haki. Lakini ni hadithi gani iliyosimuliwa? Mara nyingi ilikuwa hadithi ya chuki ya tangu zamani, makabila mawili yaliyozaliwa kupigana, watoto wenye bunduki na mambo ya kutisha ya kula watu. Yaliyotendwa yalikuwa mabaya sana, hatuyapunguzi. Lakini ni wachache walioeleza ugomvi wa mashamba ulioanza Djugu mwaka 1999, dhahabu ya Mongbwalu, au majeshi ya nje yaliyotoa silaha leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ni wachache pia walioonyesha Mlendu aliyemficha Mhema, au Mhema aliyemvusha Mlendu usiku. Hadithi ya «makabila ya chuki» ilirudi kwetu kupitia radio, na baadhi yetu tukaanza kuiamini kana kwamba ni sura yetu wenyewe.

Hivyo pia wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Ugonjwa ule uliua watu 2,287 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri zaidi, pamoja na Mambasa, Komanda na Bunia. Nje ilisikika kwamba watu wetu ni wajinga wanaokataa daktari. Ndani, watu waliuliza: kwa nini fedha na magari yamekuja kwa ugonjwa huu, na hayakuja tulipokuwa tukiuawa kwa panga? Swali hilo halikuwa la ujinga. Lilihitaji jibu, na pale lilipokosa jibu uvumi ulijaa nafasi yake, na wauguzi wetu wenyewe walishambuliwa.

Na mwaka 2020, maji ya ziwa Albert yalipopanda kupita kiasi na kuingia katika nyumba za wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, kulikuwa na kamera ngapi? Maji hupanda polepole. Hayatoi moshi.

8. Maswali sita ya kupima habari

Kabla ya kuamini, na zaidi kabla ya kupitisha, tujiulize:

1. Nani ameona kwa macho yake? «Wanasema» si mtu.
2. Ni wapi hasa? Mtaa gani, kijiji gani? Mji wote au sehemu yake?
3. Ni lini? Picha hii ni ya leo au ya mwaka mwingine?
4. Ni wangapi, na nani amehesabu?
5. Ni neno gani hapa lililotiwa chumvi? Ukiliondoa, kinabaki nini?
6. Nikiipitisha, ni nani atasaidika, na ni nani anaweza kuumia?

Anayekosa jibu kwa swali la kwanza na la sita, afadhali anyamaze mpaka apate.

Na mwandishi wa mbali akifika mtaani kwetu? Tusimfukuze, na tusimpambie maneno. Tumwambie tunachokijua, tuseme wazi tusichokijua. Tumpeleke mahali palipoharibika, kisha tumpeleke pia mahali ambapo watu wanafanya kazi ya kujisaidia. Mama aliyefiwa ana haki ya kukataa kupigwa picha. Na tusimkubalie aandike kabila la mtu pale ambapo kabila si sehemu ya habari.

9. Igizo fupi

Watu wawili waigize mbele ya kikundi. Ni usiku wa Mei 2021. Mama yuko Bunia. Binti yake anaishi Goma.

Mama: Mwanangu, uko hai? Papa wa jirani ameniletea picha, Goma imekwisha!
Binti: Niko hai, mama. Pumua kwanza. Hapa kwetu Himbi moto haujafika.
Mama: Lakini nimeona kanisa linaungua!
Binti: Kanisa kuu liliungua mwaka ule wa 2002, mama. Hiyo ni picha ya zamani.
Mama: Basi panda gari sasa hivi, ukimbie!
Binti: Barabara imejaa, watu wanagongana. Tumekaa na majirani, tumefunga mizigo, tunasikiliza radio. Wakituambia tuondoke, tutaondoka pamoja, watoto tumewashika mikono.
Mama: Na yaya wako?
Binti: Yaya yuko nami, anakusalimu. Mama, naomba jambo moja. Rudi kwa papa, umwambie kwa heshima kwamba picha ile si ya leo. Ameituma kwa watu wengi, na wengine wao wana watoto huku.

Kikundi kiendelee: Mama atamwambiaje papa, mtu mzima mwenye heshima zake, bila kumwaibisha?

Maswali ya kujadiliana

1. Ni habari gani ya nje juu ya Bunia iliyokuumiza zaidi? Ndani yake kulikuwa na kweli gani, na uongo gani?
2. Je, sisi wenyewe tunawasimuliaje watu wa kabila lingine, au wa mtaa mwingine, msiba ukiwapata?
3. Ni lini ulipitisha habari ambayo baadaye ulijua si kweli? Ulifanya nini?
4. Katika mtaa wetu, ni nani watatu ambao watu wa pande zote wanaweza kuwaamini wakisema «hili ni kweli, hili si kweli»?

Zoezi la nyumbani: chagueni tukio moja dogo lililotokea mtaani juma hili. Kundi la kwanza liandike sentensi tano kwa ajili ya radio ya mbali inayopenda makubwa. Kundi la pili liandike sentensi tano kwa ndugu aliye mbali ambaye anataka tu kujua ukweli. Someni zote mbili kwa sauti. Mtashangaa jinsi tukio moja linavyoweza kuwa mawili.

Neno la mwisho

Watu watatu wa swali la nne wasibaki kwenye karatasi. Kabla ya kufunga mkutano, kikundi kiwachague, kiwe na wanawake na wanaume, na kisiwe cha kabila moja. Namba zao za simu zijulikane mtaani. Kazi yao si kubwa: habari nzito ikija, wapige simu kwa mtu aliye mahali penyewe, waulize yale maswali sita, halafu waseme walichokipata. Siku msiba utakapotufikia, uwe wa mlima, wa maji, wa ugonjwa au wa bunduki, watu watahitaji kujua mambo mawili kabla ya yote: nani yuko hai, na tuelekee wapi. Hayo tunaweza kuambiana sisi wenyewe, bila kungoja radio ya mbali.

Amani iwe kwenu nyote.